Maji Yalikuwa Yanatosha

Siku ya tatu ya msiba wa Fundi Anselm, pale Nachingwea, tukiwa tumekaa mikekani tunakula wali na mbaazi, dereva mmoja alinisogelea akaniuliza kwa heshima kabisa: "Mzee, wewe si ndiye uliyekuwa na marehemu enzi zile? Nina Subaru ya turbo, inagonga mlimani. Nifunge mfumo wa kunyunyizia injini maji au methanoli?" Nikamjibu, "Maji," nikaendelea kula. Yeye akasubiri maelezo. Watu wa siku hizi wana simu, wameshaona kila kitu, wanachotaka kwako ni ukubaliane nao. "Lakini mzee, wenzetu huko nje wanasema methanoli inapoza zaidi." Nikamwambia tena, "Funga maji," na nadhani nilisema kwa ukali, maana mama aliyekuwa anapitisha maji ya kunawa aligeuka kunitazama. Dereva akarudi mkekani kwake. Na mimi nikaosha mikono kabla ya wengine.

Naikaribia hamsini. Nina duka la vipuri Ruangwa, nina sukari, na vijana wananiita mzee bila kuombwa. Habari za wazazi wangu, za kuzaliwa Likunja na za shule nilikoishia, naziacha. Kila mtu ana zake na zangu hazina cha ajabu. Ninachotaka kuandika ni mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka ishirini na nane, enzi zile viroba vya pombe kali bado vinaning'inia kwenye kila kibanda, nilipokuwa nafanya kazi kwa Fundi Anselm na kula kwake. Mwaka huo ndio ulionifanya niwe mtu wa kukagua mlango mara tatu kabla ya kulala na kunusa kila chupa kabla ya kuifungua. Mke wangu anadhani nilizaliwa hivyo. Sikuzaliwa hivyo.

Gereji ilikuwa nyuma ya nyumba yake, juu ya sakafu ya zege iliyoachwa na wazungu wa mradi wa karanga wa enzi za ukoloni, imepasuka katikati na kuota majani. Chumba cha kulia kilipakana nayo, na ukuta uliotutenganisha ulikuwa wa tofali za kuchoma ambao haukufika kwenye bati. Kwa hiyo sisi tulisikia kila neno la jikoni, na jikoni walisikia kila tusi letu. Kiti changu mezani kilikuwa siti ya mbele ya Land Rover iliyokufa, na ukiikalia vibaya waya ulikuchoma. Mke wake, Mama Tekla, alikuwa mtu wa maneno machache. Aliniita mwanangu ingawa hakunizidi hata miaka kumi na mitano. Wao walikuwa Wakatoliki, Wamakua waliotoka upande wa Masasi, na nguruwe pori hakukosekana nyumbani mle. Mimi Mwislamu alinipikia kwenye sufuria langu la peke yangu, wala hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mpaka leo nikikumbuka lile sufuria naona aibu kuliko ninavyoona aibu kwa mambo makubwa zaidi.

Fundi Anselm alikuwa na miaka sita hajagusa pombe. Hilo kila mtu Nachingwea alilijua, maana kabla ya hapo alikuwa mlevi wa kuokotwa. Aliacha siku alipofunga gurudumu la mteja akiwa amelewa, nati akazikaza nusu, gurudumu likachomoka barabarani. Watu walipona kwa bahati tu. Akaenda kanisani na mkewe, akaapa mbele ya padri, na tangu hapo akawa anaishi kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Msimu wa mabibo, mikorosho ikiangusha matunda na kila uchochoro ukinuka uraka, ile pombe ya mabibo, alikuwa anazunguka njia ndefu ya kwenda sokoni ili asipite penye vyungu. Hata spiriti ya kusafishia vifaa hakutaka iingie gereji. Vijana wa mjini walimcheka. Mimi sikumcheka, ila nilidhani anatia chumvi, na nilimwona mtu mzima anayeogopa harufu.

Gari lililoleta mambo yote lilikuwa la Limbu. Huyu alikuwa Msukuma, mmoja wa wale waliohamia na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa, na kambi yake ilikuwa upande wa Nambilanje. Alikuwa mrefu, mpole, na fimbo yake haikukosekana hata ndani ya gari, ilichomoza dirishani. Alinunua Subaru ya turbo Dar es Salaam kwa sababu ilikuwa na tundu juu ya boneti na tundu lile lilimpendeza. Humo alipakia chanjo za mifugo, alipakia ndama, na wanakijiji wakipata mjamzito aliyezidiwa waliita Limbu kabla hawajaita mtu mwingine. Shida ilikuwa ule mpando wa kuelekea Nandagala. Gari likishiba mzigo, jua likiwa kali, na petroli yenyewe ya kununua kwenye chupa barabarani ambayo hakuna aliyejua imechanganywa na nini, injini inaanza kugonga, sauti ya kokoto kwenye kopo. "Mzee," Limbu alimwambia Fundi, "mimi nikipakia mwanamke mwenye uchungu na hii kitu ikilia hivyo, yeye analia na mimi nalia." Fundi akainama kwenye injini kwa muda mrefu. Akasema turbo inashindilia hewa, hewa ikishindiliwa inachemka, na hewa ya moto inawasha mafuta kabla ya wakati wake. Ukiendelea hivyo pistoni itatoboka siku moja, na siku hiyo huichagui wewe.

Dawa yake ilikuwa kunyunyizia maji. Fundi hakuwa ameona mfumo huo popote. Alisimuliwa na rubani mmoja mstaafu, na akauamini. Tukachukua pampu ya kuoshea kioo ya gari bovu, tukachukua kile kichwa cha kunyunyizia kutoka kwenye bomba la kupulizia dawa mikorosho, tukakichomeka kwenye bomba la hewa baada ya turbo, na swichi tukaitega iwake turbo inapoanza kusukuma. Maji ya kisima aliyakataa kwa sababu yana chumvi, yataacha ukoko. Yakatumika ya mvua, yaliyochujwa kwa kitambaa cha kanga. Tukapakia magunia ya ufuta tukaenda Nandagala mchana wa jua kali, mimi nimekaa mbele, sikio langu limegusa dashibodi. Gari likapanda. Karibu na kilele injini iligonga mara mbili tatu, kidogo, kisha kimya. Limbu akacheka peke yake mpaka tunafika. Jioni mezani, kwenye ugali wa muhogo na kisamvu, Mama Tekla alisema, "Kwa hiyo gari linakunywa maji kama watu wengine," na Fundi akasema ndiyo, na maji hayana kesi.

Pale ndipo ungekuwa mwisho. Kila ninapofika hapa katika kukumbuka, nasimama, nalitazama lile gari likishuka Nandagala salama, na natamani mtu angenipeleka Likunja nikalime. Limbu alikuwa ameniambia kwamba binamu yake Mwanza ana gereji ya mashine za kisasa, na kwamba fundi anayejua turbo anaweza kupata nafasi kule. Alisema tu, kwa kuongea. Mimi nikalibeba neno lile nikalala nalo. Pampu ya kioo na bomba la mikorosho havikutosha kunifikisha Mwanza. Nikawa nakwenda kwenye chumba cha intaneti, kilichokuwa na kompyuta tatu na feni moja, nikasoma habari za wazungu wanaochanganya maji na methanoli, nusu kwa nusu. Methanoli inapoza zaidi ya maji, na yenyewe inaungua, kwa hiyo inaongeza nguvu. Nikachapisha kurasa tisa. Zile mara mbili tatu za kugonga kileleni nikazifanya kuwa ugonjwa mkubwa, nikamwambia Fundi kila siku kwamba pistoni haitamaliza mwaka.

Fundi hakusoma Kiingereza. Nilikaa kwenye siti ya Land Rover nikamfasiria ukurasa baada ya ukurasa, na yeye alisikiliza kwa adabu kama anayesomewa barua ya serikali. Ukurasa wa saba ulikuwa na aya ndani ya kisanduku cheusi. Ilisema methanoli ni jamii ya pombe lakini ni sumu, kwamba mikupuo miwili inaweza kuua macho au kumwua mtu mwenyewe, na kwamba anayeinywa huonekana mzima kwa saa nyingi kabla ya kuanza kuugua. Niliiona. Niliisoma yote kimoyomoyo, nikafunua ukurasa wa nane. Nilijua nikisema neno pombe mle ndani habari imekwisha, Fundi atasimama na kwenda zake. Na kweli aliniuliza, kwa sauti ya chini ili jikoni wasisikie, "Shaibu, hii isije ikawa ni mambo ya pombe?" Nikamwambia, "Hapana, Fundi. Ni mafuta tu, kama petroli, ila ni ya kiwandani." Nilisema bila kupepesa macho, na Fundi akakubali tujaribu. Sumu je, kwa nini sikumwambia kuhusu sumu peke yake? Nimejiuliza hilo miaka yote hii na jibu ni la kijinga: nilipanga nitakuwa naishika mimi mwenyewe, hakuna atakayeigusa, kwa hiyo hakuna haja.

Limbu alipokwenda Dar kufuata chanjo akarudi na dumu la lita ishirini la methanoli niliyomwagiza, jeupe, lenye karatasi ya Kiingereza na picha ya fuvu. Karatasi niliichuna mwenyewe kwa wembe. Kuanzia siku ile nilikosa amani. Dumu nililiweka kabatini nyuma ya matairi, nikalifunika gunia, nikafunga kwa kufuli na ufunguo nikauvaa shingoni. Usingizi ukanipotea. Nikisikia binti yao Tekla anacheza karibu na kabati nakatiza kazi. Fundi akaanza kunitania kwamba nimeficha dhahabu. Ilikuwa katikati ya msimu wa mabibo, mji mzima unanuka uraka, watu wanapita wamechangamka wanaomba chochote chenye harufu kali, na mimi kazi yangu ikawa kuhesabu watu wanaoingia gereji na wanaotoka.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne asubuhi, saa nne. Limbu alikuwa ameshaleta gari. Nilifungua kabati, nikalitoa dumu, kisha nikaitwa barabarani kupokea betri iliyokuja na lori. Sikukaa hata dakika tano. Niliporudi Fundi alikuwa amechuchumaa, mpira umeingizwa kwenye dumu, ncha nyingine iko mdomoni, ananyonya. Fundi gani wa kwetu ahamishe mafuta kwa njia nyingine? Dizeli tunanyonya, petroli tunanyonya, ikija mdomoni tunatema, tunaendelea. Na mimi nilikuwa nimemwambia ni kama petroli. Ila hii ni nyepesi, ilikuja kwa kasi kuliko alivyozoea, na nilimwona koo lake likipanda na kushuka, mara mbili. Akautoa mpira, akautumbukiza kwenye chombo, akatema kilichobaki. Kisha akabaki amechuchumaa vilevile. Baadaye akanitazama kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake. "Shaibu," alisema, "hii ni pombe."

Nikamwambia, "Sukutua, Fundi." Ndilo neno pekee lililonitoka. Akasukutua kwa maji ya ndoo, akanawa uso, akaenda kukaa kwenye tairi. Yeye alikuwa anaogopa jambo moja na mimi lingine. Yeye alikuwa anahesabu miaka yake sita. Mimi nilikuwa naona kile kisanduku cheusi cha ukurasa wa saba, kila herufi. Ningesema palepale, jamani. Hospitali ilikuwa karibu, gari liko mlangoni, mwenye gari ana fimbo mkononi anasubiri kuambiwa tuelekee wapi. Nikajikausha. Nikajiambia labda ni kidogo, labda ametema nyingi, labda wazungu wanatisha watu. Nikachukua spana nikaingia chini ya gari lingine kabisa, nikawa nafungua nati isiyohitaji kufunguliwa.

Kuanzia saa nne ile mpaka saa tisa nilimpima macho bila yeye kujua. Namwonyesha spana, "Fundi, hii ni namba ngapi, kumi na mbili au kumi na tatu?" Ananijibu kumi na tatu, sawa. Baada ya robo saa namwuliza lile gari linalopita ni la nani. Anataja. Namwuliza saa ya ukutani inasemaje, na mimi nina saa mkononi. Mwishowe akasema, "Wewe leo una nini? Umekuwa kama mke." Chakula cha mchana kilikuwa ugali na samaki wakavu. Alikula vizuri kuliko mimi, na kila tonge alilokula nililichukua kuwa ushahidi kwamba hakuna kitu. Ndivyo ilivyoandikwa kule, kwamba mtu huonekana mzima. Nilijua hivyo, na bado nilijipa moyo.

Baada ya kula alibaki ndani na mkewe, na mimi nikatoka nikaegemea ule ukuta usiofika juu. Nikamsikia anamwambia, polepole, kwamba asubuhi amemeza pombe. Kwamba ni bahati mbaya, ilikuwa kwenye mpira, lakini imeshuka, na tangu hapo mwili unamdai. Hakutumia neno lingine, alisema unamdai. Mama Tekla akasema, "Hukukusudia. Mungu hakuandikii. Miaka sita yako iko palepale." Fundi akacheka kidogo, au alilia, kupitia ukuta sikuweza kujua. Mkewe akasema, "Kesho tutakwenda kwa padri, basi. Na huyo Shaibu mwambie akatupe hicho kitu, mambo ya wazungu yamwache." Nikasikia anamshika mkono, bangili zililia. Nikaingia bila kubisha hodi nikasema yote, nimesimama, nikimtazama Mama Tekla tu kwa sababu Fundi sikuweza. Nikasema ni sumu. Nikasema inaua macho. Mama Tekla aliuliza, "Tangu saa nne?" Nikasema ndiyo. Hakunitukana. Alichukua kanga yake na viatu vya mumewe.

Tulikwenda na ile Subaru, Limbu anaendesha bila kuuliza. Daktari wa zamu alikuwa kijana kuliko mimi. Nilimpa kurasa zangu tisa, akausoma ukurasa wa saba akiwa amesimama, kisha akaniuliza, "Nani alijua hii ni nini?" Kabla sijafungua mdomo, Fundi alijibu. Alisema, "Kijana wangu aliniambia. Alinionya mapema. Ni mimi nilisahau nikanyonya kwa mazoea." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemweleza mteja. Mama Tekla alimtazama, akanitazama mimi, akaangalia sakafu. Mimi nikapiga kimya. Nilipiga kimya kwa mara ya pili siku ileile, na hii ya pili ndiyo iliyokuja kunigharimu.

Daktari alipiga simu kwa wakubwa wake, akarudi na uso mwingine. Dawa yenyewe haikuwepo, na kumpeleka mbali kulitaka muda, lakini kulikuwa na njia ya kuizuia sumu isifanye kazi mwilini mpaka itoke. Njia hiyo ilikuwa pombe. Pombe ya kawaida ya kunywewa, ile kali, ya kiwandani, si ya kienyeji kwa sababu haijulikani ndani yake kuna nini. Anywe kwa kipimo, kila baada ya muda, mchana na usiku, na asiachishwe mpaka wakubwa wale waseme. Nilikimbia mimi kwenda kuleta viroba. Mwuza duka alinijua, Mwislamu wa kwa Fundi Anselm, akanitania kwamba leo nimebatizwa. Nikarudi na fuko zima.

Fundi alikataa. Alifunga mdomo kama mtoto anayekataa uji. Alisema afadhali awe kipofu, vipofu wapo na wanaishi. Alisema, "Ninyi hamnijui. Mimi ninajijua." Daktari alimwambia atakufa, akasema sawa. Tulishindana naye pale karibu nusu saa, na muda wote nikawa natazama saa ya ukutani na kuhesabu tangu saa nne asubuhi. Mwishowe Mama Tekla akakipokea kikombe kwa muuguzi. Hakumbembeleza. Alimwambia tu, "Baba Tekla, kile kiapo tuliapa wawili. Kwa hiyo nina haki ya kukufungulia nusu yangu." Akamwekea kikombe mdomoni, na yeye akanywa. Nilikuwa nimesimama upande wa miguu. Alipomaliza alifumba macho, na usoni mwake kukaja utulivu, mabega yakashuka, hata mikunjo ya kipaji ikalegea. Daktari aliona mgonjwa ametulia. Mama Tekla aliona nilichokiona mimi, maana aligeukia dirisha.

Siku ya pili macho yalianza kuona ukungu, akawa anasema watu wote wamevaa mashuka. Siku ya tatu ukungu ukapungua. Siku ya tano walimwachia, anaona, ila kingo za vitu zilibaki zimefifia na zikabaki hivyo maisha yake yote. Watu walikuja kushukuru Mungu nyumbani. Methanoli nilikuwa nimeshaifukia mbali, nikarudisha maji ya mvua kwenye gari la Limbu, na likapanda Nandagala bila kelele ya maana mpaka alipoliuza. Mwanza sikwenda. Limbu hakulitaja tena jambo lile na mimi sikumkumbusha.

Msibani mwaka huu walisoma kwamba marehemu ameugua ini kwa muda mrefu. Walisoma hivyo tu, kwa heshima. Nachingwea nzima inajua alikuwa mlevi tena kwa miaka mingi, gereji ikafa, Tekla akasomeshwa na wajomba. Na mji mzima unajua, au unadhani unajua, ilianzaje: alinyonya mafuta kwa bahati mbaya, akapewa pombe hospitalini, ikamshika. Kisa hiki kinasimuliwa mpaka vilabuni na kila anayesimulia hutikisa kichwa kwamba hakuna wa kulaumiwa. Mbali na ule ukurasa wa saba, kinakosa kipande kimoja, cha wiki ya tatu baada ya kutoka hospitali, ambacho tulikijua mimi na Fundi tu na sasa nimebaki peke yangu.

Ilikuwa asubuhi, kabla ya kazi. Fundi alinikuta natandaza vifaa kwenye zege. Mikono ilikuwa inamtetemeka na alikuwa ameiingiza mifukoni nisiione. Aliongea akitazama barabarani. "Silali, Shaibu. Tangu nitoke kule silali." Nikamwambia pole. Akasema, "Nenda ukamwambie Mama Tekla kwamba daktari alisema niendelee kidogo kidogo, mpaka macho yatulie. Mimi hawezi kuniamini. Wewe atakuamini." Nikamwambia, "Fundi, hakusema hivyo." Hakunitishia, sitaki mtu afikiri alinitishia, hakuwa mtu wa namna hiyo. Alisema tu, "Na mimi nilimwambia daktari kwamba ulinionya." Halafu akaokota spana akaanza kuifuta kwa kitambaa, ingawa ilikuwa safi.

Niliingia jikoni. Mama Tekla alikuwa anachambua mbaazi kwenye ungo, sufuria langu likiwa mekoni peke yake kama kawaida. Nikamwambia. Nilimwambia kwa maneno mazuri, nikaongeza na neno la Kiingereza katikati, nikasema kwamba hata zile karatasi zimeandika hivyo, kwamba ukikatisha ghafla macho yanaweza kurudi nyuma. Aliacha kuchambua. Alinitazama kwa muda mrefu, na nilidhani ataniuliza kama ni kweli, nilikuwa naomba aniulize. Akainuka, akaenda kwenye kabati la vyombo, akarudi na kikombe kidogo cha bati. "Basi nionyeshe," akasema, "iishie wapi." Nikamwonyesha kwa kidole.